Kabla hujafungua stendi ya simu: kwa wadogo zangu wa sanaa shirikishi

Jumamosi iliyopita nilikaa benchi la nyuma, chini ya mkorosho, nikawatazama mkicheza igizo la mikopo ya kausha damu. Igizo ni zuri. Huyo mnayemchezesha mkopeshaji, watoto walimzomea hadi nje ya uwanja, na hiyo ni sifa kubwa kwa mwigizaji. Lakini kabla ngoma hata moja haijatoka kwenye gari, ilitoka stendi ya simu ya kurekodia. Mkaisimika katikati, pale anaposimama mwezeshaji, na kuanzia hapo igizo zima likaielekea simu. Wazee waliokaa upande wa kushoto waliangalia migongo yenu kwa dakika arobaini.

Mwezeshaji aliposimamisha igizo na kuuliza nani ana njia nyingine, aje achukue nafasi ya mhusika aionyeshe, bibi mmoja mwenye kanga ya kijani alinyoosha mkono. Akaambiwa, "Subiri kidogo bibi, tunaweka simu sawa." Alisubiri, kisha akaushusha mkono, na haukupanda tena.

Nimeandika haya usiku uleule. Nina hasira nanyi, na ninawapenda, na yote mawili ni kwa sababu moja.

1. Duara la watazamaji kwanza. Mnajua hatua zote za kazi hii, wengine mmezisoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na wengine Mlimani, hivyo sitazirudia. Ninachotaka mkumbuke ni kwa nini zipo. Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipofanya kazi Malya, Mwanza, kati ya 1982 na 1983, hawakupeleka mchezo kwenye gari. Walichunguza matatizo pamoja na wanakijiji, wakatunga nao, wakatumia ngoma za palepale, kisha wakakaa kujadili. Watu walikuwa wenye igizo kabla halijaanza. Na kama mnadhani uwanja wa vumbi ni kitu kidogo, kumbukeni Kamiriithu, Limuru. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao na kucheza maisha yao wenyewe. Serikali ya Kenya ilifuta kibali cha onyesho mwezi Novemba mwaka huohuo, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Maandishi ya mchezo yalikuwa yamekwisha kuchapishwa, yalisomeka. Kilichoogopwa zaidi ni watu kukaa mahali pamoja wakitazamana.

2. Alichosema mwananchi ndani ya igizo kibaki ndani ya igizo. Hapa nitakaa, maana kosa hili nimelifanya mimi.

Ilikuwa kijiji kimoja cha mkoa wa Tanga, sitakitaja. Igizo letu lilihusu kamati ya maji: mhazini anakusanya hela za bomba, bomba limekauka, daftari halisomwi. Tuliwaita watu kwa ngoma ya mdumange, wakaja wengi, na mhazini wa kweli alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mwenyekiti. Tuliposimamisha igizo, akatoka mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Akamkabidhi jirani yake yule mtoto, akakaza kanga kiunoni, akachukua nafasi ya mke wa mhazini. Akamwambia mwigizaji wetu, "Baba Fulani, mimi ni mkeo, nakula kwenye hela hiyohiyo. Lakini leo nimeona aibu kisimani. Kila ndoo watu wametoa hamsini hamsini, na bado tunagombania tope na ng'ombe. Lete daftari mezani, tulisome mimi na wewe kabla hawajaja kulisoma wao."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko na vigelegele. Mhazini wa kweli naye alicheka, nilimwona. Kisha akainuka mwenyewe na kusema kwamba mkutano mkuu wa kijiji ujao atasoma mapato na matumizi. Hakuna aliyemtaja. Yule mama alimpa mlango wa kupitia bila kuvuliwa nguo, naye akapita. Miaka yote ya kazi hii nimeona jambo hilo likitokea hivyo safi mara chache sana.

Mimi nilikuwa nimerekodi. Usiku, tulikolala, nilikata dakika moja na nusu, maneno ya mama peke yake. Nikaondoa mwanzo ambapo mwezeshaji anauliza, nikaondoa kicheko, nikaondoa mhazini aliposimama, kwa sababu sauti pale ilikuwa mbovu na klipu ilikuwa inarefuka. Juu yake nikaandika: "Mama jasiri amvaa mhazini mla hela za maji." Nikairusha kwenye ukurasa wa kikundi na kulala nikiwa na furaha.

Asubuhi ilikuwa imeshahamia WhatsApp. Siku ya tatu ilikuwa wilayani. Mume wa yule mama, aliyekuwa kibaruani Dar es Salaam, alionyeshwa na wafanyakazi wenzake, wakimuuliza tangu lini mke wake ameolewa na mhazini. Watoto wa mhazini waliitwa wezi shuleni. Mhazini hakuhudhuria mkutano, na ndugu zake wakakataa daftari kusomwa bila yeye. Halikusomwa.

Yule mama alinipigia kwa simu ya kuazima. Hakunigombeza. Alisema, "Kaka, mimi niliingia kwenye mchezo wenu. Wewe ukanitoa peke yangu."

Nilifuta klipu saa ileile. Ilikuwa kama kuokota maji yaliyomwagika mchangani. Miezi miwili baadaye tulirudi kufanya ufuatiliaji. Mwenyekiti alitupangia viti, tukapiga ngoma saa nzima, wakaja watoto na mlevi mmoja. Nilikwenda nyumbani kwa yule mama kuomba radhi. Alinipa maji kwenye kikombe cha plastiki cha bluu, maji yaleyale ya kisimani, rangi ya chai ya maziwa, na udongo umetulia chini. Aliuliza kama nimekula. Niliomba radhi, akaitikia, akaendelea kupepeta mchele. Nilikunywa yale maji yote.

Tangu siku ile nimeliwaza sana neno "ukanitoa". Ndani ya duara kila mtu alijua kwamba yule ni mke wa kuigiza na yule ni mhazini wa kuigiza, na kwa kujua hivyo waliweza kusema ukweli bila mtu kuumia. Simu haikubeba ujuzi huo. Ilibeba uso wa mtu, jina la kijiji na tuhuma.

3. Ruhusa huombwa baada ya onyesho, mtu akiwa ametulia, na kwa watoto unaomba kwa mzazi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, isomeni. Lakini hata kabla ya sheria, muulizeni mtu: mumeo akiiona, itakuwaje? Mwajiri wako je?

4. Msihesabu macho. Najua ripoti ya mfadhili ina kisanduku cha idadi ya waliotazama mtandaoni, na najua kinavyovutia kukijaza. Lakini pale uwanjani kisanduku hicho kinaanza kuwatungia igizo. Mnafupisha mjadala, mnaongeza makofi ya usoni, mnaacha mambo ya taratibu. Mimi nitawapa kipimo changu. Kuna mzee mmoja alichukua nafasi ya mwenyekiti wa kitongoji katika igizo letu la njia ya mifugo. Tulipomshukuru ili atoke, akakataa. Akasema mkutano haujafungwa. Aliuendesha mpaka magharibi, akatoa nafasi kwa wafugaji, akawanyamazisha wakulima, akawapa na wao, na mwenyekiti wa kweli akaazima kalamu kwetu akawa anaandika muhtasari. Waigizaji wetu walikaa chini wakila karanga. Hakuna mtu mtandaoni ambaye angetazama saa tatu za wazee wakibishana upana wa njia ya ng'ombe. Njia ilipimwa wiki iliyofuata.

5. Simu ina kazi yake, kabla na baada. Itangazieni onyesho kwenye makundi ya kitongoji, rekodini mazoezi yenu mjisahihishe, pigeni picha za waigizaji wenu mtakavyo, hao wamekubali kazi. Baada ya onyesho ndipo simu inapolipa. Mnamtaja kila warsha Augusto Boal, Mbrazili aliyeanzisha mtindo huu wa mtazamaji kuingia igizoni, basi mfuateni hadi mwisho: alipokuwa diwani Rio de Janeiro, kati ya 1993 na 1996, mapendekezo yaliyotoka kwenye maigizo ya wananchi yaliandikwa na kupelekwa barazani, na 13 yakawa sheria. Sisi mara nyingi tunafunga spika na kuondoka. Andikeni walichokubaliana, wasomeeni palepale wakisahihishe, mpelekeeni mtendaji kwa WhatsApp kabla hamjapanda gari, kisha mpigieni baada ya wiki mbili. Hilo halina makofi.

6. Betri ya spika ichajiwe usiku, na jua liwe mgongoni kwa watazamaji. Mara ngapi nimesema?

Jumamosi, mlipokuwa mnakunja stendi, nilimfuata yule bibi mwenye kanga ya kijani. Nilimsalimu, nikamuuliza alitaka kuingia nafasi ya nani. Nilidhani ya mama anayedaiwa, kama wote. Akasema alitaka nafasi ya mkopeshaji. Nikamuuliza kwa nini, akanieleza taratibu huku ameshika mkono wangu. Alichosema nitawaambia tukikutana mazoezini Alhamisi, hapa sikiandiki. Mkirudi kule mwekeeni kiti mbele, na simu zikae begini mpaka amalize.