Re: Mume Mganda, ndoa ya kimila, pasi ya mtegemezi imerudishwa

Hujambo dada. Kwa hivyo mume ni Mganda, mahari ililipwa kwenu Kakamega, na ombi lake la pasi ya mtegemezi (ruhusa ya kukaa Kenya akiwa mume wako) limerudishwa kwa kukosa cheti cha ndoa. Mke wangu ni Mtanzania na tunaishi Kisumu, njia hii tumeipitia.

Kwanza cheti. Barua ya chifu peke yake haitoshi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inawataka muandikishe ndoa ya kimila kwa Msajili wa Ndoa, na ile fomu itiwe sahihi na mashahidi wawili watu wazima waliohusika hasa kwenye sherehe. Si rafiki aliyekuja kula wali tu! Mtafute mjomba aliyeongoza mazungumzo ya mahari.

Kabla hujapakia chochote tena mtandaoni, weka pasipoti na cheti mezani, mlinganishe majina herufi kwa herufi. Ya mke wangu ilikuwa na majina matatu, cheti mawili, faili ikalala hadi tulipopeleka hati ya kiapo kutoka kwa wakili.

Wakati huohuo angalia tarehe ya mwisho wa kukaa iliyogongwa kwenye pasipoti ya mumeo mpakani Busia. Ikikaribia, aombe nyongeza ya muda mapema, maana ombi jipya halimlindi akiwa amepitisha muda.

Halafu kile kibanda cha spea ulichosema mumeo anataka kufanyia kazi: pasi ya mtegemezi haimruhusu kufanya kazi, anahitaji kibali chake cha kazi.

Ukaazi wa kudumu ni baada ya miaka 3 ya ndoa, uraia 7. Cheti mkifuatilie wiki hii.