Korongo la Marafa au maporomoko ya Shimba?

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu hii, ninaishi Kisauni, Mombasa. Katika likizo ya Agosti nitakuwa na watoto wangu wawili, wenye umri wa miaka 8 na 12, pamoja na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Jirani yetu amelisifu mno korongo la Marafa, na anasema lina maporomoko ya maji ambayo watoto wataweza kuoga. Je, ni kweli? Na tutaweza kwenda na kurudi siku moja bila ya kumchosha mama?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza umfikishie mama shikamoo yangu. Nadhani jirani yako amechanganya mahali pawili. Marafa hakuna maporomoko ya maji. Yaliyo karibu nawe ni maporomoko ya Sheldrick, nayo yamo ndani ya hifadhi ya Shimba Hills, Kwale. Kwa kuwa Marafa iko kaskazini, ng'ambo ya Malindi, na Shimba iko kusini, ng'ambo ya Likoni, usijaribu kuziunganisha katika siku moja, hata kama mwenye gari atakuahidi kwamba inawezekana.

Hata hivyo, sifa alizolipa korongo la Marafa ni za haki. Wagiriama hupaita Nyari, yaani mahali palipojivunja penyewe, na jina hilo linaeleza jambo lenyewe kwa usahihi mkubwa: ni mchanga ulioshikamana ukawa jiwe laini, ambao maji ya mvua na upepo vimeukata kidogo kidogo hadi ukabaki bonde lenye kina cha takribani mita 30, lenye minara na kingo zilizochongoka. Tabaka zake ni nyeupe, za waridi, za rangi ya machungwa na nyekundu, na wekundu huo unatokana na chuma kilichomo mchangani kikashika kutu. Wenyeji wana maelezo yao, ambayo ningependa watoto wako wayasikie pale pale kutoka kwa mwongozaji: palikuwa na familia tajiri iliyooga maziwa ya ng'ombe wake, Mungu akaghadhibika, nyumba yao ikadidimia, na ndiyo sababu ukuta mmoja una weupe wa maziwa na mwingine wekundu wa damu.

Mama hatalazimika kushuka. Uzuri mkubwa wa Marafa huonekana kutoka juu, ukingoni, na kwa maoni yangu ndipo panapopendeza zaidi, hasa jua linapoelekea kutua na rangi zikakolea. Mtafutieni kiti na kivuli, hatua kadhaa nyuma ya ukingo, kwa kuwa udongo wa pale humeguka. Watoto washuke na mwongozaji wa kijijini, wamfuate katika njia iliyokwisha kukanyagwa, wala wasipande ile minara, kwa sababu jiwe ambalo mvua peke yake inaweza kulila haliwezi kustahimili miguu ya kila mgeni. Msishuke adhuhuri: chini mle upepo haufiki vizuri na joto hurudi kutoka kila ukuta.

Tatizo lenu ni umbali. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni takribani kilomita 120. Kisha mnavuka Mto Sabaki, na katika eneo la Mambrui mnaiacha barabara ya Garsen na kuingia bara hadi Marafa, kiasi cha kilomita 30 kutoka Malindi. Ukitaka kuiona saa kumi na moja jioni, kama inavyostahili, utarejea Kisauni usiku, na magoti ya mama yatakuwa yamekunjwa garini kwa saa nyingi mno. Marafa ipangieni siku mbili, mlale Malindi.

Kwa safari ya siku moja ninapendekeza Shimba, ambayo kutoka mjini haizidi sana kilomita 30. Mnapitia Likoni hadi Kombani, kisha mnapanda Kwale. Asiyependa foleni ya feri anaweza kutumia barabara ya Dongo Kundu. Mlima huo unapita mita 400 kutoka usawa wa bahari, na ubaridi wake wa asubuhi, hasa Agosti, utamlazimu mama kuchukua shali. Mama ataweza kufika kwa gari kwenye sehemu za kutazamia mandhari, na siku ya anga safi bahari huonekana kutoka juu huko. Macho yawe wazi njiani, kwani Shimba ndiyo makao pekee ya palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, katika Kenya nzima. Waelezeni watoto pia kwamba chemchemi za Marere, zilizomo katika milima hiyo hiyo, huleta maji Mombasa.

Maporomoko yenyewe, yenye urefu wa takribani mita 21, hufikiwa kwa miguu tu, mwendo wa kilomita 2 hivi kutoka kilima cha Elephant Hill, na lazima mwandamane na askari wa hifadhi kwa kuwa tembo wanapita humo. Kwenda ni mteremko, kwa hiyo watu wengi hudanganyika. Kurudi ni kupanda, na huko ndiko mtoto wa miaka 8 atakapoanza kuomba kubebwa. Mama abaki juu pamoja na mtu mzima mwingine, na kuhusu kuoga, muulizeni askari mkifika, kabla ya mtoto yeyote kuvua viatu.

Ada ya kuingia hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, si kwa fedha taslimu, basi ilipeni mapema mkiwa nyumbani. Maji myatie katika chupa za kutumika tena, kwa sababu tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote za Kenya, na chupa za dukani zitazuiliwa langoni. Ondokeni Kisauni alfajiri, mara tu baada ya sala, ili mmalize kupanda kutoka kwenye maporomoko kabla ya saa sita.