Gamaka si vibrato

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napiga fidla ya Kizungu hapa Mombasa, nimefaulu gredi ya 6. Kuna mama mmoja kutoka Chennai anayepiga fidla ya Karnatiki, muziki wa jadi wa Uhindi Kusini, na tumekubaliana kupiga pamoja kwa dakika 20, miezi mitatu ijayo. Nimenunua kozi ya mtandaoni ya “raga 10 kwa wiki 2”. Skeli zote nimezishika, lakini nikipiga nasikika kama king'ora cha ambulensi. Je, niongeze vibrato? Au nikae chini na kubadili nyuzi kama yeye?

JIBU: Marahaba. Usikae chini, usiguse nyuzi, na hiyo vibrato iache kabisa.

Swali hili naletewa kila mara, na karibu kila mara nyuma yake kuna mtu aliyeuza kozi. Wanafundisha kwamba raga, yaani mfumo wa Kihindi wenye noti na miondoko yake, ni skeli tu, kisha unainyunyizia mitelezo ili inukie Uhindi, kama mtu anavyonyunyiza bizari. Hapo ndipo king'ora chako kilipozaliwa.

Vibrato inatikisa noti iliyokwisha kukaa mahali pake. Gamaka, ule mwendo wa kidole juu na chini katika Karnatiki, ndiyo noti yenyewe. Chukua raga ya Todi. Noti za Kihindi huitwa Sa Ri Ga Ma Pa Dha Ni, na Sa ndiyo ya msingi. Sa ikiwa C, Ga yake kwa maandishi ya Kizungu utaiandika E bemoli. Sasa mwombe huyo mama aipige polepole, nawe utazame kidole chake badala ya kusikiliza tu. Hakikai kwenye E bemoli. Kinaanzia chini yake, kinapanda kuelekea Ma, kinarudi, kinapanda tena, na katika safari hiyo sikio linasikia Ga. Wewe ukikituliza kidole pale katikati ukakitetemesha, umepiga noti sahihi ya karatasini na Todi haipo. Wapigaji wa taarabu wanajua ninachosema: mpigie mzee wa fidla bayati, ambayo noti yake moja kinanda hakina, kwa kinanda uone uso wake.

Na skeli? Arabhi na Devagandhari zinapanda kwa Sa Ri Ma Pa Dha Sa, zinashuka kwa noti zote saba, noti zile zile. Bado ni raga mbili. Arabhi imenyooka na inakwenda mbio. Devagandhari inajivuta, inayumba, haina haraka. Mwulize mwenye kozi yako zinatofautiana wapi. Akikutumia skeli, dai hela zako.

Kuhusu mkao: mama huyo hakai chini kwa mapambo. Kichwa cha fidla kimeegemea kifundo cha mguu wake wa kulia, mgongo wa fidla uko kifuani, kwa hiyo mkono wa kushoto haubebi kitu na kidole kimoja kinaweza kusafiri uzi mzima. Ni kazi ya miaka. Nyuzi zake nazo ziko Sa Pa Sa Pa. Sa ikiwa D, ni D A D A, zote zimeshushwa kutoka G D A E yako. Ukizishusha zako hivyo zitalegea na kukoroma tu. Ya nini, wakati D na A unazo tayari? Mwombe akubali Sa iwe D, basi.

Kisha afundishe mtungo mmoja, kwa mdomo. Uimbe kwanza kwa Sa Ri Ga, mkono ukihesabu Adi tala, mzunguko wa mapigo 8, hadi uweze bila fidla. Wenzetu hujifunza hivyo. Fidla yao inafuata sauti ya mwimbaji. Akiingia alapana, yaani kuibua raga papo hapo bila mapigo, wewe shika Sa na Pa kwa upinde mrefu, ubaki humo humo. Kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, usitie: ukipigilia kodi chini ya Ga inayotembea, umeifunga kamba. Zamu yako ikifika, piga Bach yako ya D kama ulivyofundishwa, bila kuihindisha.

Yehudi Menuhin alipopiga na Ravi Shankar, mpiga sitar wa Uhindi, kwenye tamasha la Bath, Uingereza, mwaka 1966, alikuwa miongoni mwa wapiga fidla wakubwa duniani, na bado sehemu yake ilitungwa na kuandikwa kabla. Hakujidai mjuzi wa raga. Naye Baluswami Dikshitar, aliyejifunza fidla ya Kizungu kule Madras zaidi ya miaka 200 iliyopita, hakuchanganya kitu: alichukua chombo, akakifundisha muziki wa kwao.

Leo mtu anaweka tabla, ngoma ya Uhindi Kaskazini, ya kompyuta chini ya mtungo wa Karnatiki, ambao ngoma yake ni mridangam, anatandaza kodi za piano, anaita mchanganyiko, kisha anafungua darasa. Wanafunzi wakinijia baada ya mwaka wa madarasa hayo, vidole vinateleza kwenye kila noti, hata za Mozart, na miezi ya mwanzo tunaitumia kuvirudisha vikae. Wewe una wiki mbili tu za kufuta. Anza leo, na ukienda kwa huyo mama, fidla iache nyumbani siku ya kwanza.