Kebo Imepita Kiwanjani Mwangu: Nani Aliyeruhusu?

Wasomaji wanauliza, wakili anajibu

Barua tatu nilizochagua mwezi huu zimetoka Jiji la Tanga na wilaya jirani ya Muheza, na zote zinahusu vitu vinavyofukiwa au kupitishwa katika ardhi ya mtu mwingine. Nimezifupisha, na nimeondoa majina ya waandishi pamoja na ya kampuni walizozitaja.

SWALI: Mwanangu wakili, salaam. Mimi ni mjane, ninaishi Pongwe katika kiwanja chenye hati alichoniachia marehemu mume wangu. Miezi saba iliyopita vijana wa mkandarasi walikuja wakachimba mtaro kutoka upande mmoja wa kiwanja hadi wa pili, wakakata minazi mitatu iliyokuwa inazaa, wakalaza bomba jeusi wanalosema lina kebo ya faiba, kisha wakafukia. Nilipouliza, msimamizi wao alinionyesha karatasi yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Sasa nataka kujenga vyumba viwili vya kupangisha, nami nimeambiwa nisijenge juu ya mstari ule wala karibu nao. Sijalipwa hata senti. Kijana mmoja wa hapa ananishauri tufukue tulikate hilo bomba, wenyewe watakuja. Nifanyeje?

JIBU: Mama yangu, shikamoo. Nianze na ushauri wa huyo kijana, kwa sababu ndio wa hatari kuliko yote uliyoniandikia. Kuharibu miundombinu ya mawasiliano au ya umeme ni kosa la jinai, na siku bomba hilo litakapokatwa, wewe mwenye madai utageuka mshitakiwa, na minazi yako mitatu haitazungumzwa tena na mtu yeyote. Isitoshe, aliye juu ya ardhi hana hakika ya kilichomo chini yake. Faiba haiui, lakini kebo ya umeme wa kilovolti 11 au 33 inaweza kumuua mtu kwa pigo moja la jembe. Mwambie kijana aweke sururu chini.

Jambo la pili ni bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja zilizowekwa na mpima. Kabla hujamwandikia mtu yeyote barua, mwombe mpima ardhi wa Halmashauri ya Jiji akuonyeshe bikoni zako kwa mujibu wa ramani ya upimaji, kisha mpime mtaro umepita ndani yake au nje. Nasisitiza hili kwa sababu Pongwe imepitiwa na barabara kuu, na watu wengi wa huko wamelima na kupanda miti hadi ukingoni mwa lami wakiamini kwamba ni kwao. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zimeweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, badala ya mita 22.5 za zamani. Mtaro uliochimbwa ndani ya hifadhi unahitaji kibali cha wakala wa barabara anayehusika, na wewe hutakuwa na dai la ardhi, ingawa aliyekuwapo kihalali kabla ya hifadhi kupanuliwa ana haki ya kudai fidia kwa zile mita 7.5 zilizoongezwa. Kwa maelezo yako kwamba mtaro umekata kiwanja kutoka upande hadi upande, naona uwezekano mkubwa ni kwamba umepita ndani, na nitaendelea kwa msingi huo.

Sasa tuje kwenye ile karatasi yenye mhuri, ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha barua yako. Mwenyekiti wa mtaa ni kiongozi wetu na ni vema mkandarasi ajitambulishe kwake, lakini kujitambulisha si kupewa ardhi. Mwenyekiti hawezi kutoa ridhaa juu ya kiwanja cha mtu mwenye hati, kama ambavyo hawezi kukuuzia nyumba ya jirani yako. Chini ya Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, anayetaka kupitisha kebo katika ardhi ya mwingine ana milango miwili tu. Wa kwanza ni makubaliano na mwenye ardhi mwenyewe, yaliyoandikwa, yakatiwa saini na kusajiliwa. Wa pili ni haki ya njia ya umma, ambayo huombwa kwa Kamishna wa Ardhi, wanaokalia ardhi hiyo wakapewa notisi na nafasi ya kusema neno lao, na hatimaye ikaanzishwa kwa amri ya Waziri mwenye dhamana ya ardhi. Mlango huu wa pili haukufungwa kwa kampuni binafsi, kwani nayo inaweza kuomba. Ilichozuiwa ni kuingia kwa dirisha la mhuri wa mtaa.

Nieleweke vizuri: siandiki haya kwa kupinga kebo. Tangu mwaka 2010 wenzetu wa Pemba wanapata umeme kutoka Tanga kwa kebo ya kilovolti 33 iliyolazwa chini ya bahari, na kebo ya namna hiyo haiwezi kufika baharini bila kupita kwanza katika ardhi. Mawasiliano ya hospitali, benki na shule za Tanga yanapita katika mabomba kama hilo lako. Haja ya umma ni ya kweli, na ndiyo maana sheria imempa Waziri uwezo wa kuanzisha njia hata pale mwenye ardhi anapokataa. Lakini sheria hiyo hiyo imesema kwamba anayekalia ardhi alipwe kwa matumizi ya ardhi yake, na kwa njia za kebo na nyaya alipwe pia kwa uharibifu wa miti, mazao na majengo, na kwamba wajibu wa kulipa ni wa yule aliyeomba njia, naye alipe kwa haraka. Kwa hiyo, hata kama kampuni ingekuwa na amri ya Waziri mkononi, minazi yako ingelipwa. Nawe unaendelea kulipa kodi ya pango la ardhi kwa kiwanja kizima, pamoja na ukanda ule unaokatazwa kuujenga. Sioni haki yoyote katika mtu kulipia kodi ardhi ambayo mwingine anaitumia bure.

Hatua zako ziwe hizi. Usiving'oe visiki vya minazi, kwa maana ndivyo vitakavyomwonyesha mthamini ukubwa na umri wa miti, na mnazi unaozaa hauthaminiwi sawa na mche. Piga picha za visiki na za mstari wa mtaro, na uandike majina ya majirani walioshuhudia kazi. Angalia hati iko kwa jina la nani: ikiwa bado ni la marehemu, ni lazima uwe na barua ya usimamizi wa mirathi, la sivyo watakuambia kwamba huna mamlaka ya kudai, na kwa hilo watakuwa sahihi. Kisha iandikie kampuni barua ya madai, nakala kwa Afisa Ardhi wa Jiji, ukitaka wakuonyeshe ama mkataba wenye saini ya mwenye ardhi, ama amri ya Waziri. Wape siku 14 za kujibu.

Wasipojibu, na ikiwa ni kampuni binafsi, peleka shauri Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu na si kuamua. Usuluhishi ukishindikana, au siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ikiwa mwenye kebo ni shirika la umma, njia ni nyingine kabisa: tangu mwaka 2020 mashirika ya umma nayo yanashitakiwa kwa utaratibu wa mashauri dhidi ya Serikali, yaani notisi ya siku 90 kwanza, kisha shauri Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali akiunganishwa. Watu wamepoteza mashauri mazuri kwa kukosea mlango huu tu.

Na usichelewe. Dai la ardhi yenyewe lina ukomo wa miaka 12, na dai la madhara ya kawaida lina miaka mitatu, lakini dai la fidia kwa kitendo kinachosemekana kufanywa kwa mujibu wa sheria iliyoandikwa ukomo wake ni mwaka mmoja. Wakili wa upande wa pili anaweza kabisa kuushika huo mwaka mmoja, nawe umeshatumia miezi saba.

Iwapo watakubali kukaa nawe mezani, jambo ambalo mara nyingi hutokea barua ya madai ikiandikwa vizuri, usikubali karatasi inayosema tu kwamba umepokea kiasi fulani na huna dai tena. Nimesoma makubaliano ya namna hiyo yasiyotaja hata upana wa ukanda, na mwenye kiwanja akaja kuzuiwa kujenga nusu ya ardhi yake. Mkataba wako utaje upana kwa mita, kina cha bomba, mahali linapopita kwa mchoro ulioambatanishwa, notisi watakayokupa kabla ya kuingia kufanya matengenezo, na nani atagharamia kulihamisha ikibidi. Mihogo na mahindi unaweza kuendelea kupanda juu ya ukanda mkikubaliana hivyo. Msingi wa nyumba na miti mikubwa ndivyo vinavyokatazwa kwa sababu za maana.

SWALI: Wakili, shikamoo. Nilinunua kiwanja Sahare mwaka jana. Nilipoanza kuchimba msingi, fundi wangu aligonga waya wa umeme kwa sururu, Mungu akamnusuru. Waya huo unakwenda nyumbani kwa jirani wa nyuma, naye anasema mwenye kiwanja wa zamani, ambaye sasa ni marehemu, alimruhusu kwa mdomo. Nilifanya upekuzi Ofisi ya Msajili wa Hati na haukuonyesha kitu. Je, nina wajibu wa kuuvumilia?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa fundi. Upekuzi haukuonyesha kitu kwa sababu hapakuwa na kitu kilichosajiliwa. Haki ya kiwanja kimoja juu ya kiwanja kingine inatambuliwa na Sheria ya Ardhi, lakini kuianzisha kunahesabiwa kuwa ni namna ya kutoa sehemu ya haki katika ardhi, na jambo hilo linataka maandishi. Ruhusa ya mdomo ni hisani aliyoitoa marehemu kwa jirani yake. Haikushikamana na ardhi, na kwa maoni yangu haikufungi wewe uliyenunua bila kuijua.

Hata hivyo, usimkatie umeme. Kama waya uko upande wa kabla ya mita, ni mali ya shirika la umeme, na wao pekee ndio wanaoruhusiwa kuugusa. Simamisha kazi sehemu hiyo, uwaandikie, na ukae na jirani. Ama awaombe wauhamishe kwa gharama yake, ama mkubaliane upite pembeni kando ya mpaka, kwa maandishi, kwa malipo mtakayoelewana, na msajili. Mimi ningependelea hili la pili panapowezekana, kwa kuwa mtaishi pamoja miaka mingi na huenda kesho wewe ukahitaji bomba la maji lipite kwake.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mzee wa kijijini Muheza. Wapimaji wa njia ya umeme walipita shambani kwangu, wakafyeka michungwa sita ili waone mstari wao, wakachomeka vigingi. Wanasema hawajaanza ujenzi hivyo hakuna malipo, na kwamba asiye na hati hana fidia. Shamba hili ni la babu yangu.

JIBU: Waalaykum salaam, mzee wangu. Umeambiwa maneno mawili, na yote mawili si kweli.

La hati kwanza. Sheria inampa fidia mtu anayeikalia ardhi kihalali au anayeikalia kwa hakika, haikusema mwenye hati peke yake, na haki ya kimila ina hadhi sawa na ile ya kupewa kwa hati. Mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Hayo yalisemwa kwa ajili ya watu wa hali yako hasa. Ukiweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji, ichukue, kwa sababu inarahisisha ushahidi, lakini kutokuwa nayo hakukufuti.

La pili, michungwa. Sheria imetaja waziwazi kwamba uharibifu unaolipwa ni pamoja na ule wa kazi za awali za kupima na kutafuta mstari, hata kama miti iliyokatwa baadaye ikaonekana haimo ndani ya njia yenyewe. Neno mkuza, yaani ukanda wa ardhi unaotengwa kwa njia ya bomba au nyaya, tumelizoea Tanga tangu habari za bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, na wengi wamedhani fidia ni ya walio ndani ya mkuza tu. Michungwa yako inalipwa popote iliposimama.

Mthamini atakapokuja, fuatana naye mti kwa mti. Usitie saini wala dole gumba kwenye fomu isiyojazwa, na udai nakala yako siku hiyo hiyo. Andika tarehe uthamini ulipoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, maana malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita unastahili riba, na ikipita miaka miwili uthamini huo hautumiki tena, inabidi ufanywe upya. Ikiwa huna uwezo wa wakili, waulize ofisi ya wilaya wakuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma yao haina malipo. Vigingi waache navyo, usiving'oe. Ila visiki sita, mwite mwenyekiti wa kijiji avihesabu nawe wiki hii, kabla mvua hazijaotesha majani juu yake.