Jibu: Tamasha la filamu Kigoma linawezekana

Mdogo wangu, umeuliza kama Kigoma tunaweza kuwa na tamasha la filamu la kila mwaka bila kumsubiri mfadhili mkubwa. Tunaweza, na nakuomba sana usiliache wazo hili.

Tazama ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar. Ilianzishwa mwaka 1997, inaendeshwa na asasi isiyo ya kibiashara, na watu hutazama filamu usiku, uani Ngome Kongwe, juu yao nyota tupu. Ukumbi wa kifahari si sharti.

Anzeni na chama kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, maana vikundi vingi huvunjikia kwenye hela. Kibali cha kuonyesha hadharani ombeni Bodi ya Filamu mapema. Kila filamu iwe na ruhusa ya maandishi ya mwenye nayo.

Ila tarehe ndiyo ningeipigania kuliko yote: chagueni siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa sababu taa zao hazivuti samaki, kwa hiyo jioni hiyo pale Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, utawakuta nchi kavu na familia zao. Tundikeni shuka jeupe zito, mgongo wake uelekee mwezi, pindo la chini mlikandamize kwa mawe, maana upepo wa ziwa unaujua mwenyewe. Jenereta liwe mbali, watu wasikie maneno.

Spika ninazo mbili. Mkipanga siku, nitakuja nazo.