Sijaacha mazoezi, mwanangu

Mwanangu Rehema,

Marahaba, mama. Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini nimeacha kukimbia, na kama ninaumwa nawaficha. Nilikujibu harakaharaka kwa kuwa mama yako alikuwa ananisubiri mlangoni. Sasa nikujibu vizuri.

Mwaka jana goti la kulia lilianza kunichoma kila nikishuka ngazi. Siku nikikimbia, jioni linavimba, ukiligusa lina moto. Nikavumilia miezi minne, na hapo nilikosea. Daktari alinieleza kwamba gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kwenye ute wa goti, na ute huo husambaa goti linapokunjwa na kunyooshwa. Kwa hiyo kukaa kitako kungenimaliza zaidi. Nilitakiwa kulitumia goti bila kulitwanga.

Ndiyo maana natembea. Tukishaswali alfajiri tunatoka, mimi na mama yako, tunapita Bombo kuelekea Raskazone, bahari ikiwa mkono wa kushoto na kisiwa cha Toten kinaanza kuonekana gizani. Dakika 40, siku 5 kwa wiki. Hizo ni dakika 200. Shirika la Afya Duniani linashauri kati ya 150 na 300, hata kwa sisi wa miaka 65 na kuendelea. Mwendo tunaupima kwa pumzi: mama yako akiweza kunisimulia habari za mtaa lakini akashindwa kuimba taarabu yake, basi tunakwenda sawasawa. Akianza kuimba, tunaongeza hatua. Miaka yote ile nilikimbia peke yangu, Rehema, yeye nikimwacha amelala.

Mara tatu kwa wiki nainuka kitini bila kushika kitu, mara 10, kisha nasimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta wa jikoni. Usilidharau hilo. Umri huu ukianguka, nyonga inavunjika, na wengi hawarudi walivyokuwa.

Maumivu yamepungua sana. Ngazi za msikitini nashuka bila kushika ukuta.

Ile hela uliyotuma nijiunge na jimu nimenunua viatu, jozi mbili. Vya mama yako vinambana kidole gumba, ila hataki kukwambia. Ukija Idi mletee namba 40, vipana mbele.

Baba yako