Tapeti kava ikivuja, usikimbilie silikoni

Wewe uliyeanza gereji juzi, iwe hapa Busia au kule Katwe, gari la kwanza kuachiwa peke yako huenda likawa Toyota kuukuu iliyogandwa na oili ubavuni mwa injini. Kazi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, hupewa wanagenzi kwa kuwa inaonekana nyepesi: bolti chache, gasketi (mpira wa kuziba oili) mpya, kwisha. Ndiyo maana magari haya hurudi sana.

Osha injini kwanza. Ikikauka, mwenye gari aliendeshe siku moja, kisha uanze kuangalia juu, maana oili hushuka. Hapa ndipo wengi hupotea. Kava ikivuja kwa nyuma, oili huteremka hadi injini inapoungana na giaboksi, na ukiwa umelala chini ya gari utaapa kwamba ni sili ya krenki, ule mpira unaozuia oili kwenye mhimili mkuu wa injini. Nimeona giaboksi ikishushwa, siku nzima ya watu wawili, kumbe kosa ni la kimpira cha juu! Injini ikipoa, pitisha kidole nyuma ya kava. Chomoa na koili za plagi pia: shimo la plagi likiwa na oili, ringi za mirija ya plagi zimechoka, na huenda dereva ameshalalamika kwamba gari linamisi, yaani silinda moja haiwaki sawasawa. Fyonza oili hiyo kabla hujafungua plagi, la sivyo itaingia kwenye silinda.

Sasa jiulize kwa nini imevuja. Mpira huchoka kwa joto, na foleni za Kampala hazisaidii. Gasketi kuukuu huvunjika kama biskuti. Lakini injini pia hupumua. Gesi inayopenya kando ya pistoni hutokea kwenye vali ndogo ya kupumulia, nyingi zikiwa juu ya kava yenyewe. Ikizibwa na masizi, presha hujaa ndani na kusukuma oili palipo dhaifu. Ichomoe, itikise sikioni; ikiwa haigongi ndani, ioshe au ibadilishe. Ukiiacha hivyo, gasketi mpya haitadumu.

Kusafisha kunataka subira. Tumia kikwaruzo cha plastiki, kwani hedi, sehemu ya injini ambayo kava hukalia, ni alumini na bisibisi huichora. Ziba hedi iliyo wazi kwa kitambaa safi ili uchafu usidondoke kwenye kemu, ile mihimili inayofungua vali.

Silikoni nayo, jamani! Wengine hupaka kava nzima wakidhani wanakomesha. Inayozidi hukatika ndani, ikashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la pampu ya oili, na hapo injini imekufa kwa ubahili wa gasketi. Weka tone tu kwenye pembe ambapo kava ya cheni inakutana na hedi, na kwenye nusu-mwezi, vile vizibo vya nusu duara kwenye hedi, za injini za zamani.

Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu. Torki, yaani nguvu ya kukazia, kwenye injini nyingi ndogo za Toyota ni karibu niutoni-mita 10, ambayo ni kidogo kuliko mkono wako unavyodhani. Kama huna spana ya torki, shika racheti shingoni, si mkiani. Bolti ikifika begani, yaani ikigota, acha. Ukizidisha utang'oa nyuzi za hedi.

Dereva wa teksi atataka gari jioni hiyohiyo. Mwambie silikoni inahitaji kulala usiku mzima. Akikataa, andika hivyo kwenye risiti kabla hajawasha gari.